Je, Wajua? Bull, mbwa aliyefia njiani Unyamwezi

Msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley ulipoondoka Bagamoyo Novemba 1874, ulikuwa na mbwa watano kutoka Uingereza. Walikufa mmoja mmoja, akabaki Bull peke yake. Mwaka 1876, katika nchi ya Unyamwezi, kaskazini-magharibi ya Tabora, uchovu ulimlemea. Hata hivyo hakukubali kuachwa: alijikokota nyuma ya wapagazi mpaka pumzi ikamwishia. Stanley alimsifu katika kitabu chake cha 1878.

Moyo huohuo wanao mbwa wa wafugaji wa Tabora leo, wanaokesha zizini na kumkabili fisi. Tuwatendee haki: chakula, maji safi, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka.