Kioo Kwanza: Jinsi ya Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu

Kompyuta ya gemu inayoundwa kwa kununua kipuri kimoja kimoja hutofautiana na ile inayouzwa ikiwa kamili kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye anayeamua fedha zake ziende wapi, na uamuzi huo waweza kuifanya mashine ya bei ya wastani iipite ile iliyogharimu zaidi lakini ikapangwa vibaya. Wanunuzi wengi huanza na jina la kadi ya picha au prosesa wanayoitamani, kisha hutafuta vipuri vingine kwa salio. Utaratibu ulio salama zaidi ni wa kinyume chake: kuanza na kioo kitakachotumika na gemu zitakazochezwa, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vinavyopanga kazi ya kila kipuri kingine.

Sababu yake ni ya hesabu. Picha inayoonekana kwenye kioo huundwa na nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli, na kioo cha kawaida chenye pikseli 1920 kwa 1080 kina nukta zipatazo milioni 2.07, ilhali kioo cha 2560 kwa 1440 kina milioni 3.69, na kile cha 3840 kwa 2160, kinachouzwa kwa jina la 4K, kina milioni 8.29, yaani mara nne ya kile cha kwanza. Nukta zote hizo huchorwa upya katika kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo wa picha unaoleta mwendo. Kioo cha hezi 60 huonyesha fremu 60 kwa sekunde, hivyo kompyuta hupata milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu, lakini kioo cha hezi 144 huiachia milisekunde 6.9 tu. Anayenunua kioo cha 4K kwa kompyuta ndogo huwa ameiongezea mzigo mara nne kabla hajaanza kucheza, na anayeiunganisha kadi ya gharama kubwa na kioo cha hezi 60 amelipia fremu nyingi ambazo hatazitazama kamwe.

Gemu nazo zinatofautiana katika madai yake. Zile za ushindani, kama Counter-Strike 2 na Valorant, hutaka fremu nyingi kwa sekunde na kwa hiyo huitegemea sana prosesa, ilhali gemu zenye mandhari mapana na mwanga mwingi, kama Cyberpunk 2077, huilemea zaidi kadi ya picha. Mpenzi wa gemu za kandanda, na hao ni wengi mno Afrika Mashariki, ataridhika na kadi ya daraja la kati kwenye kioo cha 1080, na fedha anazookoa hapo zinafaa zaidi kwenye vipuri vitakavyojadiliwa baadaye.

Kadi ya picha ndicho kipuri kinachostahili sehemu kubwa kuliko zote ya bajeti, kwa sababu ndiyo inayokokotoa rangi ya kila pikseli. Majina yake huwapotosha wanunuzi wasiojua mpangilio wake. Katika jina RTX 4060 la kampuni ya NVIDIA, tarakimu mbili za mwanzo hutaja kizazi na mbili za mwisho hutaja daraja ndani ya kizazi hicho, hivyo namba kubwa haina maana ya kadi yenye kasi zaidi: GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 inaiacha mbali GTX 1650 iliyotoka mwaka 2019. Jambo la pili ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambamo huhifadhiwa picha za kuta, nguo, nyuso na ardhi ya gemu wakati inapochezwa. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi hulazimika kuvuta data kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta, yaani RAM, iliyo ya mwendo wa chini zaidi, na mchezaji huona mwendo unakwama ghafla hata kama wastani wa fremu ni mzuri. Gemu ya The Last of Us Part I ilipotolewa kwa kompyuta mwaka 2023, kadi nyingi za gigabaiti 8 zilishindwa kuhimili mipangilio ya juu, na tangu hapo imekuwa wazi kwamba gigabaiti 8 ni kiwango cha kuanzia tu. Ndiyo maana RTX 3060 yenye gigabaiti 12 inaweza kumfaa zaidi mtu anayetaka kukaa na kadi moja kwa miaka mingi, ingawa RTX 3060 Ti yenye gigabaiti 8 huishinda kwa kasi katika gemu nyingi.

Kuna mpaka mwingine ambao mnunuzi wa kadi za mtumba hana budi kuufahamu. Baadhi ya gemu mpya hukokotoa mwanga kwa kufuata njia ya kila mwali, na kazi hiyo huhitaji sehemu maalumu ndani ya chipu ya kadi. Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, iliweka sehemu hiyo kuwa sharti, kwa hiyo kadi ambazo bado zina nguvu ya kutosha kwa gemu za zamani, kama GTX 1660 au RX 580, zilibaki nje. Kwa upande mwingine, umri wa kadi huweza kurefushwa na mbinu ya kuchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza hadi kujaza kioo. NVIDIA huiita mbinu hiyo DLSS na huiruhusu kwenye kadi za RTX pekee, ilhali matoleo ya mwanzo ya FSR ya kampuni ya AMD hufanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine na za miaka ya nyuma.

Prosesa ndiyo inayoendesha kanuni za gemu: mwendo wa wachezaji, maamuzi ya maadui, migongano ya vitu, na maagizo yanayotumwa kwa kadi ya picha. Kwa gemu, wingi wa viini vya prosesa una kikomo cha faida; viini 6 vyenye kasi huwatosha wachezaji walio wengi. Kilicho na uzito zaidi ni soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama prosesa ya miaka mitano ijayo itaweza kukaa kwenye ubao ulionunuliwa leo.

Mfano bora wa jambo hili ni soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD. Prosesa za Ryzen zilianza kutumika humo mwaka 2017, na Aprili 2022 ikatolewa Ryzen 7 5800X3D, prosesa yenye viini 8 na megabaiti 96 za kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi kubwa iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ikilinganishwa na megabaiti 32 za ndugu yake wa kawaida, 5800X. Kashe hiyo iliwekwa kwa kupandisha tabaka la ziada juu ya chipu, na kwa kuwa gemu hurudia-rudia kuomba data zilezile, ongezeko la fremu katika gemu nyingi lilikuwa kubwa. Mbao mama nyingi za mwaka 2017 ziliweza kuipokea baada ya kusasishwa kwa bayosi, programu ndogo inayouamsha ubao kabla ya mfumo endeshi. Aliyenunua ubao mzuri wa AM4 wakati huo alivuka vizazi kadhaa vya prosesa bila kubadilisha ubao wala RAM, ilhali upande wa Intel, katika miaka hiyo hiyo, soketi ilibadilika kutoka LGA1151 kwenda LGA1200 mwaka 2020, kisha LGA1700 mwaka 2021. Huo ni utajiri usioonekana kwenye karatasi ya bei, na mnunuzi mwenye kipato cha kawaida anapaswa kuuthamini kuliko mtu yeyote. Soketi ya sasa ya AMD, AM5, iliyoanza mwaka 2022, inatumia RAM za DDR5 pekee, wala RAM za DDR4 haziingii humo, kwa kuwa pengo la kwenye kipande liko mahali tofauti.

RAM yenyewe haihitaji maelezo marefu. Gigabaiti 16 ni kiwango cha chini kinachofaa leo na 32 ni za kutosha kabisa, ila vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Aidha, RAM iliyoandikwa kasi ya 3200 au 6000 huanza kazi kwa kasi ndogo zaidi hadi mwenyewe aingie kwenye bayosi na kuwasha mpangilio uitwao XMP au EXPO. Kompyuta nyingi hutumika kwa miaka bila hatua hiyo ya dakika moja. Kuhusu hifadhi, diski za kuzunguka zimebaki kuwa ghala la filamu na picha, kwani gemu kama Starfield na Cyberpunk 2077 katika masharti yake ya mwaka 2023 hudai SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka. SSD ya NVMe yenye kasi ya megabaiti 3,500 kwa sekunde inatosha, na tofauti yake na ile ya 7,000 ni vigumu kuiona wakati wa kucheza.

Kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote ni pawa saplai, kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti ndogo zinazohitajiwa na vipuri vingine. Kasoro yake haiishii kwake: pawa saplai duni ikilipuka inaweza kuondoka na ubao, kadi na diski kwa pamoja, na ni jambo la kusikitisha kuona mashine ya fedha nyingi ikitegemea kifaa cha bei rahisi chenye lebo isiyoaminika. Hesabu ya wati huanzia kwenye kadi. RTX 4060 hutumia hadi wati 115, RTX 3060 wati 170, na RTX 4090 wati 450, na juu ya hizo huongezwa wati za prosesa na nafasi ya kupumulia, maana kadi huvuta umeme kwa mishtuko mifupi inayozidi kiwango chake cha kawaida. Nembo ya 80 Plus, pamoja na madaraja yake kama Bronze na Gold, hupima tu ni sehemu gani ya umeme unaoingia inayofika kwenye vipuri badala ya kupotea kama joto. Haipimi ulinzi dhidi ya umeme unaopanda ghafla, ambao ndio unaowahusu zaidi wakazi wa miji ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo, UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, haipaswi kuhesabiwa kama anasa. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi lake ni ya VA, si ya wati, na UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati zisizofika 400. Kompyuta inayovuta wati 400 wakati wa gemu, pamoja na kioo chake, itaizima UPS hiyo papo hapo umeme unapokatika, yaani katika dakika ile ile ambayo UPS ilinunuliwa kwa ajili yake.

Joto nalo lina hesabu yake. Feni ya hewa haiwezi kukipoza kipuri chini ya joto la chumba, na vipimo vingi vinavyochapishwa Ulaya na Marekani hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kilicho na nyuzi 32 huongeza takriban nyuzi 10 kwenye kila kipimo, na prosesa iliyosifiwa kwa nyuzi 78 hukaribia 90. Kasha lenye uso wa wavu, feni mbili za mbele zinazoingiza hewa kupitia vichujio na moja ya nyuma inayoitoa, husaidia kuliko kasha la kioo kitupu lenye taa nyingi. Karibu na bahari, chumvi iliyo hewani hula vyuma polepole, hivyo kusafisha vumbi mara kwa mara na kuiweka kompyuta mbali na dirisha la upande wa bahari ni sehemu ya matunzo yake.

Kwa mwenye kompyuta tayari, kazi ya kwanza ni kujua kipuri kipi kinachelewesha vingine. Hapo kuna kipimo cha bure: gemu ichezwe kwa mipangilio ya kawaida, fremu zihesabiwe, kisha idadi ya pikseli ipunguzwe kwa kiasi kikubwa na fremu zihesabiwe tena. Zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki palepale, kadi mpya haitasaidia, kwa kuwa prosesa au RAM ndiyo inayosubiriwa. Kabla ya hapo inafaa kuhakikisha kwamba waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi badala ya kwenye ubao mama, na kwamba kioo cha hezi 144 hakikuachwa kwenye hezi 60 katika mipangilio ya Windows, kwa sababu makosa haya mawili huwafanya watu wengi kununua kipuri wasichokihitaji.

Wengi huanza safari hii na kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ambazo ni imara na za bei nafuu. Udhaifu wake uko kwenye umeme: katika matoleo mengi, pawa saplai ni ndogo, na plagi zake za kwenye ubao si za kawaida, kwa hiyo haibadilishwi kirahisi. Kadi inayofaa humo ni ile inayoridhika na wati 75 zinazotolewa na nafasi ya kadi kwenye ubao mama, kama baadhi ya GTX 1650 au RTX 3050 ya gigabaiti 6, na kwa kasha jembamba lazima iwe toleo fupi.

Kadi za mtumba zinahitaji uangalifu wa namna yake. Baada ya mtandao wa Ethereum kuacha uchimbaji wa sarafu kwa kadi za picha tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake na vibandiko vya kupitisha joto huwa vimechoka, na mara nyingi vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo. Hatari kubwa zaidi ni kadi ambazo bayosi yake imechezewa ili itaje jina la kadi bora. Programu ya bure ya GPU-Z husoma chipu yenyewe na hutambua nyingi za aina hiyo, na ikifuatiwa na nusu saa ya gemu nzito huku joto, sauti ya feni na madoa kwenye picha vikiangaliwa, mnunuzi hupata habari za kutosha za kadi hiyo akiwa bado dukani na fedha zake mkononi.