Kuku hatoi jasho: mlinde wakati wa joto kali

Ukifuga kuku Kakuma au Kalobeyei, bila shaka umewaona saa nane mchana wamejibanza kivulini, midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili. Wengine hukimbilia kununua dawa. Mara nyingi huo si ugonjwa; ni mwili unaopambana na joto.

Kuku, kama binadamu na mbuzi, hujitengenezea joto mwilini kutokana na chakula, na mwili wake hujitahidi kulibakiza katika kiwango kimoja, nje kuwe na baridi au jua. Kiwango cha binadamu ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi, cha mbuzi karibu 39, na cha kuku kati ya 41 na 42.

Wewe ukipata joto hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Kuku hana jasho. Hupeleka damu nyingi kwenye kilemba na miguuni ili ipoe, huachanisha mabawa, na joto likizidi huhema haraka ili maji ya kooni na mapafuni yakauke. Kwa hiyo kila anapohema hupoteza maji. Yasiporudishwa, anaweza kufa siku hiyohiyo.

Unaweza kufanya haya:

- Weka maji kivulini na uyabadilishe mara kwa mara. Mtungi wa udongo huyapoza vizuri.
- Lisha asubuhi mapema na jioni. Kusaga chakula tumboni huongeza joto la mwili.
- Funika bati la banda kwa nyasi au magunia, na acha pande zipitishe upepo.
- Usijaze kuku wengi katika banda dogo.
- Kuku akilegea, mpeleke kivulini na umloweshe miguu na kilemba. Usimmiminie maji mdomoni; anaweza kupaliwa.

Vifaranga ni tofauti. Katika wiki za kwanza, kabla ya kuota manyoya kamili, hawawezi kutunza joto lao wenyewe. Usiku waache chini ya mama yao.

Kuku akiendelea kuhema hata alfajiri kukiwa na ubaridi, au akitoka kamasi, akiharisha au shingo ikipinda, hilo si joto tena. Mtenge na wenzake, kisha umwite afisa wa mifugo.