Kitunguu Saumu Si Dawa ya Mbwa

Kitunguu saumu ni zao jema kwa mboga na kwa fedha, lakini mkulima wa Masumbwe asikitwange na kukitia katika ugali wa mbwa kwa kutaka kuua minyoo. Haijathibitishwa kuwa kinaua minyoo. Lililo hakika ni kwamba humdhuru mbwa. Kiwe kibichi, kimepikwa au kimekaushwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Madhara hayaonekani upesi: baada ya siku chache ufizi hupauka, mbwa huhema, na mkojo huwa wa rangi ya kahawia. Tena mbwa mwenye minyoo ya safura amekwisha kupungukiwa na damu!

Mwendee Bwana Mifugo. Dawa hupimwa kwa uzito: kwa tegu, prazikwanteli miligramu 5 kwa kila kilo, yaani mbwa wa kilo 15 hupewa miligramu 75. Safura hutaka dawa nyingine.

Mnapochinja, msimtupie mbwa mapafu wala maini yenye malengelenge ya maji. Humo hutoka tegu, ambaye mayai yake, yakitoka katika mavi ya mbwa na kuingia kinywani mwa mtoto, huweza kumletea uvimbe wa ini. Yachomeni, au yafukieni chini sana asipoweza kufukua.