Tulihama Bila Tone la Maji

Jamaa wakisikia kwamba tulihama Minneapolis kwenda Phoenix mwezi wa Januari, tena ndani ya RV, wote huuliza habari za theluji. Theluji ina jina kubwa kuliko madhara yake. Magari ya serikali huisukuma kando usiku kucha na kumwaga chumvi, na kukipambazuka lami inaonekana. Kilichotunyima usingizi ni maji: yaliyo kwenye mabomba, yaliyo kwenye pumzi zetu, na yale yanayolala juu ya madaraja yakajifanya lami.

RV ni gari lenye nyumba ndani yake. Kuna vitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu na matangi matatu: la maji safi, la maji machafu ya kuoshea na la choo. Tuliinunua ikiwa imeshatumika, kwa sababu mkataba wa nyumba uliisha katikati ya baridi, mume wangu, Baba Salma, alikuwa amepata kazi kwenye ghala moja huko Phoenix, na hatukuwa na pa kufikia. Kukodi lori la mizigo, kulipa hoteli njiani, kisha kupanga nyumba tusiyoiona, hesabu ilikataa. Ila nyingi ya RV hizi zimetengenezwa kwa ajili ya likizo za kiangazi. Kuta ni nyembamba, na mabomba mengine hupita chini ya sakafu yakipigwa na upepo.

Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9. Kiasi hicho ni kidogo mpaka kitokee ndani ya pampu ya plastiki. Bomba lenyewe mara nyingi huvumilia, kwa kuwa siku hizi ni la plastiki inayonyumbuka. Vinavyopasuka ni viungo, chujio, pampu na vali ya choo, tena kimyakimya. Barafu iliyopasua ndiyo hiyo hiyo inayoziba ufa, na utajua siku ya joto, zulia likilowa.

Kwa hiyo Baba Salma aliikausha kabla hatujapakia hata sanduku moja. Alimwaga matangi, akafungua kizibo cha mtungi wa kupashia maji, ambao wa kwetu hubeba lita 23 hivi, akageuza vali zake ili kisiingie kitu tena. Kisha akaunganisha pampu na galoni ya ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, akafungua koki moja baada ya nyingine, ya moto na ya baridi, jikoni, bafuni, mpaka chooni, akingoja kila moja iteme pinki. Dawa hii si ile ya rejeta. Ya rejeta mara nyingi ni sumu kali. Ya pinki imetengenezwa makusudi kwa mabomba ya maji ya kunywa, na hata kopo lake huandikwa hivyo. Galoni nyingine tulibaki nazo za kumiminia chooni kila tulipokitumia, maana tangi la choo nalo huganda, na sijui fundi gani angefurahia kuitwa kwa kazi hiyo. Faida nyingine ya kusafiri mkavu ni uzito. Lita 150 za maji ni kilo 150, na kilo hizo mimi nilizihitaji kwa sufuria na vitabu.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo hapo akaingia kwenye lililomkera.

"Sasa mnaoga wapi?"

"Kwenye vituo vya malori, mama. Unalipia, unapewa namba ya chumba chako na taulo, na maji ya moto yapo."

"Barabarani? Pamoja na mjukuu wangu?"

Nilimwambia pasafi, na ndiyo kweli. Mwanawe ameendesha malori nchi hii miaka mingi na vituo hivyo anavijua vyote, kimoja kwa chai yake, kingine kwa bafu zake. Mama hakuridhika mpaka alipozungumza na Salma mwenyewe.

Maji ya kunywa na kupikia tuliyabeba kwenye madumu, ndani, karibu na vitanda. Joto lilitoka kwenye hita ya propani. Mitungi ya gesi tuliyoizoea nyumbani huwa na mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke nyuzi joto zikikaribia sifuri. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana hata Minnesota inafanya kazi. Lakini hita hiyo haisukumi joto bila feni, na feni hula betri. Usiku mmoja kusini mwa Iowa ilizima saa tisa, mtungi umejaa na betri imekauka. Tangu hapo tulilala kwenye kambi za RV zenye umeme wa kuchomeka. Huko kaskazini kambi nyingi hufungwa majira ya baridi, na zinazobaki wazi mara nyingi hukata maji zikaacha umeme, jambo ambalo kwetu halikuwa na hasara.

Wapo wanaowasha jiko la kupikia ili chumba kipate joto. Sisi tuliotoka kwenye majiko ya mkaa tunajua kaboni monoksidi inavyoua watu waliolala, kwani haina rangi wala harufu. Texas ilipoingiliwa na baridi kali Februari 2021 na umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, wako waliokufa hivyo, kwa magari yaliyowashwa gerejini na mkaa uliowashwa ndani. King'ora cha gesi hiyo tulikijaribu kabla ya safari. Halafu, hata ukiepuka sumu, kuna unyevu: kila kilo ya propani ikiungua kwenye jiko hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani. Ongeza pumzi za watu watatu. Asubuhi madirisha yanatiririka, na upande wa chini wa godoro umelowa. Dawa yake haipendezi hata kidogo, nayo ni kuacha tundu la paa wazi kidogo usiku kucha huku nje kuna barafu.

Kuhusu njia tulibishana. Simu ilituonyesha barabara ya I-40, kupitia Albuquerque na Flagstaff, ambayo ndiyo fupi. Flagstaff iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya mita 2 za theluji kwa mwaka, na kutoka hapo kwenda Phoenix ni mteremko mrefu.

"Mama Salma, mimi mlima siupandi na nyumba mgongoni."

Akachagua I-35, ile inayotoka Duluth mpaka Laredo kwenye mpaka wa Meksiko. Tungeifuata kusini hadi Fort Worth, kisha I-20 na I-10 kupitia El Paso. Kilomita mia kadhaa zaidi, lakini nyingi ni tambarare. Tatizo la tambarare ni upepo. Katika vilima vya Flint Hills, Kansas, hakuna mti wa kuuzuia, na ubavu wa RV ni ukuta mzima. Alipunguza mwendo, mikono miwili kwenye usukani, na mazungumzo yakakoma.

Wengi hudhani ukifika kusini umeokoka. Tarehe 11 Februari 2021, mvua inayoganda ilinyesha Fort Worth, na kwenye I-35W, katika njia za kulipia zilizoinuliwa, magari zaidi ya 130 yaligongana na watu 6 wakafa. Daraja hupozwa na hewa juu na chini, kwa hiyo huganda wakati barabara ya ardhini bado imelowa tu. Barafu yake ni nyembamba na haina rangi, na dereva anaona lami nyeusi. Mtu wa Minnesota huendesha juu ya theluji vizuri, ila juu ya barafu hiyo hakuna fundi. Utabiri uliposema mvua ya namna hiyo inaelekea Oklahoma, tuliegesha Wichita, tukapika maharage, tukangoja. Baba Salma alimpigia bosi mpya kumweleza. Majimbo mengi yana namba 511 ya kuulizia hali ya barabara, na yeye aliipiga kila asubuhi kabla ya chai.

Magharibi ya Texas jua lilikuwa kali, nikataka kujaza tangi nioge kwangu. Akakataa, kwa kuwa jangwa nalo huganda usiku wa Januari. Tulijaza Phoenix, tukasafisha mabomba mpaka pinki ikaisha, tukaweka jiki kidogo, tukaiacha masaa kadhaa, tukasuuza tena.

Nafasi ya kuegesha niliiweka mapema, nashukuru, maana Arizona majira ya baridi ndiyo msimu. Wastaafu kutoka Minnesota na Kanada huzijaza kambi, na waliokosa huendelea mpaka Quartzsite, ambako serikali huruhusu RV kukaa jangwani La Posa kwa kibali cha kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Baba Salma alipendekeza na sisi twende tukaone, walau wiki moja. Nilimkumbusha kwamba Salma anaanza shule Jumatatu.