Mkebe wa chakula kutoka nyumbani ni nafuu kuliko pesa za kibandani

KILA muhula unapoanza, wazazi ambao watoto wao husoma katika shule za kutwa hukabiliwa na swali lile lile: mtoto atakula nini adhuhuri? Karo imelipwa, sare imenunuliwa na vitabu vimepatikana kwa jasho, lakini kengele ya saa saba inapolia, hayo yote hayajazi tumbo. Wengi hulijibu swali hili kwa noti. Mtoto hutiliwa Sh50 mfukoni alfajiri, akaambiwa ajitafutie chochote cha kutuliza njaa.

Na chochote ndicho akipatacho. Katika vibanda vinavyozunguka shule zetu, pesa hizo humpa mtoto mandazi mawili na kinywaji chenye rangi, au chipsi chache zilizofungwa kwenye karatasi pamoja na soseji nusu. Si kwamba vyakula hivyo ni sumu. Taabu yake ni kwamba ni wanga, mafuta na sukari vilivyorundikana pamoja, bila protini ya maana na bila mboga. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu zote ambazo mwili hupata kwa siku. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, kiasi hicho ni kama gramu 40. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30. Mtoto huyo huchangamka kwa muda mfupi, kisha ifikapo saa tisa, mwalimu akiwa katikati ya somo la hesabu, analala juu ya dawati au anatazama dirishani akihesabu dakika za kwenda nyumbani.

Hebu tupige hesabu ambayo wazazi wengi huikwepa. Muhula wa majuma 13 una siku 65 za masomo. Sh50 kwa siku ni Sh3,250 kwa mtoto mmoja, na kwa aliye na watatu ni Sh9,750. Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Mtoto wa umri huo huo hushiba githeri iliyopikwa kwa gramu 60 za mahindi makavu na gramu 40 za maharagwe. Hata kama angekula githeri kila siku ya muhula, jambo ambalo hatumwombei, angemaliza kilo 3.9 za mahindi na kilo 2.6 za maharagwe. Yaani hazifiki gorogoro mbili za mahindi, na ya maharagwe ni moja na kitu. Bei hupanda na kushuka kulingana na msimu, lakini msomaji na aende sokoni mwenyewe aulize: nafaka hizo hazikaribii hata nusu ya Sh3,250. Kwa mtoto wa miaka 12, ongeza nusu ya kipimo hicho. Bado hesabu itasimama.

Na mlo huo si wa kubahatisha. Unampa mtoto takriban gramu 14 za protini, tena protini iliyokamilika, kwa sababu kile ambacho mahindi yamepungukiwa ndicho maharagwe yalicho nacho kwa wingi, na kinyume chake. Mababu hawakuwa na maabara, ila walijua kwamba viwili hivyo huenda pamoja.

Kwa nini basi wazazi wanaojua kuhesabu huendelea kutoa noti? Jibu si umaskini peke yake. Mama anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu hana muda wa kusubiri maharagwe yaive. Makaa na gesi havinunuliwi kwa bei ya chumvi. Isitoshe, nyumba nyingi hazina friji. Ushauri wowote usiozingatia mambo haya matatu ni porojo za watu walioshiba.

Njia ya kutoka katika mtego huu imo katika neno ambalo tumelidhalilisha bila sababu: kiporo. Watu wengi hukichanganya kiporo na makombo, ilhali ni vitu viwili tofauti. Makombo ni mabaki ya sahani, yaliyokwisha kuguswa kwa mikono na vijiko. Kiporo ni chakula kilicholala, na huko Pwani kile kilichowekwa makusudi ili kiliwe asubuhi huitwa bariyo. Tofauti hii si ya kamusi tu, kwani ndiyo siri yenyewe. Mpishi mwenye mpango hutenga chakula cha shule kabla ya kuipakulia familia, angali na sufuria iliyojaa. Anayengoja kuona kitakachosalia atapata ukoko na mchuzi usio na nyama.

Kwa hiyo mpango wa chakula cha shule ni mpango wa chakula cha jioni. Jumapili jioni chemsha githeri ya kuliwa usiku na ya kubebwa Jumatatu. Jumatatu jioni pika ndengu na chapati, na chapati tatu zitengwe kwa ajili ya Jumanne. Jumatano viazi vitamu na yai. Alhamisi maharagwe tena, safari hii na wali uliopikwa asubuhi ile ile. Ijumaa mtoto achague mwenyewe kati ya vyakula viwili ulivyo navyo. Kila siku pawe na kitu kibichi cha kutafuna: karoti, ndizi, chungwa, pera au kipande cha embe, kutegemea msimu. Matunda ya msimu ndiyo ya bei nafuu, na hayana haja ya kutoka dukani yakiwa yamefungwa kwa plastiki.

Kuhusu kuni na gesi, adui ni uvivu wa kuloweka. Maharagwe makavu yakilazwa majini usiku kucha, kisha maji hayo yakamwagwa, huiva kwa muda mfupi zaidi na hayamsumbui mtoto kwa gesi tumboni. Hata hivyo, ni lazima yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, kwa maana maharagwe, hasa mekundu, yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayosababisha kutapika. Maafisa wa kilimo wa nyanjani pia wamewafundisha akina mama kutengeneza kikapu cha kupikia: kikapu cha kawaida kinachojazwa pamba, matambara au blanketi kuukuu. Maharagwe yaliyolowekwa na kutokota kwa nusu saa hutiwa humo yakiwa katika sufuria iliyofunikwa, yakamalizia kuiva kwa joto lake yenyewe bila moto. Kabla ya kuliwa hurejeshwa jikoni yatokote tena.

Suala la usalama halitaki mzaha. Vijidudu hustawi chakula kinapokuwa cha uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kanuni ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Aliye na friji atie kiporo humo mara kinapopoa. Asiye nayo, hasa anayeishi Mombasa, Kisumu au Garissa ambako usiku wenyewe una joto, asilaze wali wala chochote chenye nazi au maziwa. Mbaazi za nazi ni tamu zikiliwa zikitoka jikoni. Zikilala, huchacha upesi. Wali nao una hila yake: kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Katika nyumba kama hizo ni heri mkebe ujazwe vitu vinavyopikwa asubuhi kwa dakika chache au vinavyostahimili safari: yai lililochemshwa na kuachwa ndani ya ganda lake, viazi vitamu, nduma, muhogo uliopikwa, chapati kavu, njugu na matunda.

Githeri au maharagwe yanayobebwa sharti yachemshwe tena asubuhi hadi yatokote, kisha yatiwe yakiwa moto katika chombo kinachohifadhi joto, ambacho kwanza kimesuuzwa kwa maji yanayochemka. Hivyo vitafika saa saba vikingali moto. Mikebe iliyouzwa na siagi au aiskrimu si ya chakula cha moto. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, majuma machache tu baada ya mpiga kura mmoja kupata umaarufu wa ghafla kwa kupigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa aina hiyo katika foleni ya uchaguzi.

Tahadhari kubwa zaidi, hata hivyo, iko sokoni. Mnamo 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mahindi yenye unyevu, harufu ya uvundo au punje zilizobadilika rangi hayafai hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa, na kanuni hiyo hiyo ni ya njugu. Njugu zenyewe zisipewe watoto walio chini ya miaka mitano zikiwa nzima, kwa sababu huweza kuwakaba koo, na ni vyema mzazi ajue mapema ikiwa mwili wa mtoto wake huzikataa.

Kuna jambo dogo ambalo halimgharimu mzazi chochote. Madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, ndengu na mboga za kijani kama vile terere na managu hayafyonzwi kwa urahisi na mwili, ila vitamini C huyasaidia. Nyanya, pilipili hoho au chungwa likiliwa pamoja na maharagwe, mwili hupata chuma zaidi kutoka katika bakuli lile lile. Chai hufanya kinyume. Mzazi anayemfungia mtoto maharagwe pamoja na chupa ya chai anatoa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa wa kushoto, na hasara ni kubwa zaidi kwa wasichana wanaokaribia kubaleghe. Kinywaji cha shule ni maji. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa navyo vina vitamini A kwa wingi, na tone la mafuta huusaidia mwili kuifyonza.

Tusisahau kwamba serikali nayo imewahi kulibeba jukumu hili kwa vipindi. Wasomaji wenye umri wa makamo wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa wanafunzi mnamo 1979 chini ya Rais Daniel arap Moi. Mwaka uliofuata Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha shule za maeneo kame, kazi ambayo lilikuja kuikabidhi serikali kikamilifu mnamo 2018. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County uliozinduliwa 2023 ulimtaka mzazi wa mtoto wa shule ya umma alipe Sh5 pekee kwa mlo. Aliye na bahati ya kuwa katika shule inayolisha wanafunzi, mkebe wake unaweza kubeba tunda tu. Lakini shule nyingi za kutwa, za umma na za kibinafsi, bado humwachia mzazi.

Limebaki tatizo moja ambalo wataalamu wa lishe huligusa kwa nadra: haya. Mtoto hufungua mkebe wenye nduma mbele ya mwenzake aliyebeba soseji, kicheko kikazuka, na kesho yake nduma inarudi nyumbani ilivyokwenda, au inatupwa njiani. Kumkemea hakusaidii. Binafsi naona kosa huwa letu sisi watu wazima, tunaompigia mgeni mbio ya mkate mweupe na kuficha viazi vitamu jikoni, kisha tukashangaa mtoto amejifunza wapi dharau. Linalosaidia ni kumshirikisha. Mtoto aliyechambua maharagwe mwenyewe na kuchagua kama githeri yake iungwe kwa kabeji au karoti huitetea mbele ya wenzake. Viazi vitamu vikikatwa vipande virefu na kukaangwa kidogo havichekwi na yeyote. Omena, licha ya ubora wake wote, iliwe nyumbani jioni. Harufu yake ndani ya darasa lililofungwa madirisha itamletea mtoto lakabu ya mwaka mzima.

Mkebe unaporudi jioni, ufungue wewe mwenyewe. Kilichorudi kitakuambia zaidi ya majibu ya mtoto: kama ni kingi mno, hakikuiva, kilipoa au kilichekwa. Kilichosalia kitupwe, kisipashwe tena, na mkebe uoshwe kwa maji moto na sabuni usiku ule ule, kifuniko na mpira wake vikitenganishwa kwani huko ndiko mchuzi hujificha. Na unapoununua, usione haya kumwomba muuzaji maji: ujaze, ufunge, uupindue juu chini na uutikise. Ukivuja dukani, utavuja juu ya vitabu.