Kiharusi: kwa macho hujui ni aina ipi, lakini muda unaweza kuuokoa

Kiharusi hutokea pale damu inapokatika kufika kwenye sehemu ya ubongo. Sehemu hiyo huanza kufa ndani ya dakika chache, na kazi iliyokuwa ikiifanya husimama: mkono hauinuki, mdomo unapinda, maneno hayatoki. Kwa kuwa huja ghafla, bila homa wala jeraha, huku pwani wengi husema mtu kakumbwa na jini au upepo mbaya. Hapa tunaeleza aina zake, dalili zake, na la kufanya ukiwa Mafia, ambako kati ya mgonjwa na hospitali kubwa kuna bahari.

Aina za kiharusi

Aina ya kwanza ni ya mshipa kuziba. Donge la damu iliyoganda hukwama kwenye mshipa na kufunga njia. Hii ndiyo inayowapata watu wengi zaidi.

Aina ya pili ni ya mshipa kupasuka, damu ikavuja ndani ya ubongo au kuuzunguka. Mara nyingi chanzo ni presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Damu ikivuja kuuzunguka ubongo, mgonjwa huweza kuumwa kichwa ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuupata, akatapika na shingo ikakakamaa.

Ya tatu ni kiharusi cha kupita. Dalili ni zilezile, kisha baada ya dakika au saa chache mtu anarudi kuwa mzima. Wengi hushukuru Mungu na kurudi shambani au baharini. Lakini hilo ni onyo: kiharusi kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama umeshapata nafuu.

Kwa nini aina ina maana

Aliyezibwa mshipa huhitaji dawa za kuzuia damu isigande. Aliyepasukiwa mshipa, dawa hizohizo humzidishia kuvuja. Tatizo ni kwamba kwa nje wagonjwa hawa hufanana, na hata daktari mzoefu hawezi kuwa na hakika kwa kuwatazama tu. Kinachowatenganisha ni picha ya kichwa inayoitwa siti skani, kama ile inayopigwa Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa hiyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani kwa kubahatisha.

Uso, mkono, maneno, muda

Mwambie atabasamu: je, upande mmoja wa uso umeanguka? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie arudie sentensi fupi: je, maneno yanakwama au hayaeleweki? Ukiona hata moja kati ya hayo limeanza ghafla, hesabu kwamba ni kiharusi. Kuona viwili-viwili, kupoteza kuona kwa jicho moja, au kuyumba ghafla kama aliyelewa pia ni dalili.

La nne ni muda. Kumbuka mara ya mwisho alipoonekana mzima: ni baada ya sala ya alasiri, au alipokwenda kulala? Andika kwenye simu. Daktari atauliza hilo mapema kabisa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na ni baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Mgonjwa akiwa mikononi mwako

Mlaze ubavu, hasa kama anatapika au hajitambui. Mlegezee nguo za shingoni. Usimpe chakula, maji, uji, asali wala dawa ya kunywa, maana koo linaweza kuwa limepooza na kinywaji kikaingia mapafuni. Dua isomwe, lakini kombe lisubiri. Usimchanje chale. Usimpe vidonge vya presha vya jirani ili ishuke haraka, kwani presha ikiporomoka ghafla ubongo huzidi kukosa damu.

Kisha safari ianze. Aliye Chole, Juani au Jibondo atafutiwe boti mara moja, asisubiri kupambazuke kama bahari inaruhusu. Zahanati ikiwa karibu, apimwe sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana mtu huweza kuonekana kama ana kiharusi, na huyo hutibiwa papo hapo. Kutoka hapo apelekwe hospitali ya wilaya, Kilindoni, ambako wataalamu ndio wataamua rufaa. Ndege hadi Dar es Salaam ni chini ya saa moja. Kupitia Nyamisati ni saa kadhaa za majini, kisha barabara.

Tukichelewa, je?

Ukweli ni kwamba wengi wa visiwani hufika muda wa dawa ile ukiwa umepita, na hata Bara haipatikani kila hospitali. Hiyo si sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Mengi yanayookoa maisha hayahitaji mashine kubwa: kumchunguza kama anaweza kumeza kabla ya kumlisha, kudhibiti sukari, homa na presha kwa utaratibu, kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, na kuanza mapema mazoezi ya viungo. Mazoezi hayo familia inaweza kufundishwa na kuyaendeleza nyumbani kwa miezi.

Kuzuia kabla hakijaja

Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam ulikuta kwamba, baada ya kuzingatia tofauti za umri, kila mwaka kulikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha mjini ni cha juu hata ukikilinganisha na nchi tajiri.

Kisababishi kikubwa ni presha, na presha mara nyingi haiumi. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, zungumza na mhudumu wa afya. Ukipewa dawa, meza kila siku, hata unapojisikia vizuri. Punguza chumvi, na ng'onda na papa mkavu waloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Acha sigara. Wenye kisukari wasikose kliniki. Watoto wenye selimundu nao hupata kiharusi, kwa hiyo dalili hizi zikimtokea mtoto msizipuuze.

Kabla hujaweka simu chini, hifadhi namba tatu: ya mhudumu wa zahanati yenu, ya mwenye boti anayeweza kuamshwa usiku, na ya mwenye gari au bodaboda. Kisha muulize mzee wako ni lini alipima presha mara ya mwisho.