Mgeni Njoo, Ufuo Ubaki wa Umma

Huko Tamarindo, pwani ya Pasifiki ya Costa Rica, wageni wengi kutoka Marekani na Ulaya wamefanya maskani. Asubuhi huteleza juu ya mawimbi. Jioni hukaa mikahawani, ambamo bei aghalabu huandikwa kwa dola, ilhali mwenyeji awahudumiaye hulipwa kwa sarafu ya kwao. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1977 imezitenga mita 50 za mwanzo za ufuo, tangu maji yanapojaa, kuwa za umma. Mita 150 zifuatazo hukodishwa tu, na mgeni asiyetimiza miaka 5 ya ukaazi hapewi. Sisi watu wa visiwani tunawakumbusha wakuu wetu: tumkirimu mgeni, lakini njia ya mvuvi iendayo baharini isizibwe na ukuta wa hoteli.